Ni Mwenzi Wako, au ni Joto?

Kama umeishi Dar es Salaam, Februari unaijua. Joto linafika nyuzi 32 au 33, unyevunyevu wa bahari unaligandisha shati mgongoni kabla hujafika kituoni, na usiku feni inazungusha hewa ile ile ya moto. Ndani ya daladala hakuna anayemsalimia mwenzake. Konda na abiria wanagombania shilingi mia. Dereva wa bajaji anamtukana mwenye gari dogo, na mwenye gari dogo anashusha kioo ili amjibu vizuri. Jioni unafika nyumbani, mwenzi wako anakuuliza swali la kawaida kabisa, "Leo tunakula nini?" na wewe unajibu kana kwamba amemtukana mama yako.

Halafu inakuja Julai. Kusi inavuma, asubuhi kuna ubaridi wa kujifunika shuka, na watu ni wale wale, foleni ni ile ile, swali ni lile lile. Safari hii unajibu, "Chochote tu, mpenzi."

Hebu jiulize: kati ya Februari na Julai, nani alibadilika? Ni yeye, ni wewe, au ni hewa?

Kwangu mimi swali hili halikuwa la kupiga soga saluni. Mwaka 2022 lilikaa katikati ya ndoa yangu, na lilihitaji jibu.

Yeye Sale, mimi Dar

Mume wangu ni fundi wa mambo ya maji. Mwaka 2021 alipata mkataba wa miaka miwili kwenye mradi mmoja tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro. Kama Sale huijui, Samunge bila shaka unaijua. Ni kijiji cha tarafa hiyo hiyo, kule ambako mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwa ajili ya kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, "Babu wa Loliondo", ambaye alifariki Julai 2021.

Mimi nilibaki Dar na kazi yangu ya uhariri na binti yetu, ambaye hapa nitamwita Neema, wakati huo ana miaka minne. Mwaka wa kwanza tulienda vizuri. Wa pili ulipoanza, mradi ukamwomba aongeze miaka mitatu mingine. Walitaka jibu kabla ya Juni 2023, lakini yeye alitaka tuamue Oktoba 2022 hiyo hiyo. Aongeze au asiongeze? Kama anaongeza, sisi tumfuate au tubaki?

Oktoba ile Dar ilikuwa na mgao wa maji, mto Ruvu umepungua, na mimi natoka kazini saa 12 jioni kwenda kutafuta madumu. Kule kwake mvua zilikuwa zimekosa, upepo unapeperusha vumbi kutwa, na mtandao wa simu unapatikana ukisimama kwenye jiwe moja mlimani. Simu zetu za jioni zikageuka kesi. Tulikuwa tunaanza na "umekula?" na dakika tano baadaye mmoja wetu amekata simu. Mwisho nikaomba likizo ya wiki moja, nikamwacha mtoto kwa mama, nikapanda basi kwenda Arusha.

Saa 8 mchana

Kutoka Arusha nilikwenda Mto wa Mbu, kisha Engaruka, kisha njia ya vumbi inayopita chini ya Oldoinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu na ambao ulilipuka na kumwaga majivu mwaka 2007 na 2008. Baada ya hapo unafika Ziwa Natron, lililo kwenye kimo cha mita 600 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Maji yake ni ya magadi, yanaunguza ngozi, na bado ndiyo mazalia makuu ya flamingo wadogo wa Afrika Mashariki yote. Joto la pale halisemeki. Kwenye gari tulikuwa abiria tisa waliokuwa wanacheka tangu Mto wa Mbu. Kufika Engare Sero, kimya. Hakuna aliyemkosea mwenzake, ila hakuna aliyetaka kuguswa na bega la mwenzake.

Mbele ya hapo barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na ndipo unaingia kwa Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi. Ni Wabantu waliozungukwa na Wamaasai pande zote, na maisha yao yamesimama juu ya chemchemi zinazotoka chini ya milima. Maji ya chemchemi hizo wanayapeleka mashambani kwa mifereji, kazi waliyoirithi kwa vizazi vingi. Mtafiti Robert F. Gray aliandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka mwaka 1963, na sehemu kubwa ya habari yake ni hayo maji: nani anayapata, lini, na kwa idhini ya nani.

Mume wangu alinipokea vizuri. Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Siku ya pili, saa 8 mchana, ndani ya chumba cha bati kisicho na dari, tuligombana kama hatujawahi kugombana. Yeye alisema naiona kazi yake ni utoro wa nyumbani. Mimi nilisema anataka nilee mtoto kwa njia ya simu. Sauti zikapanda mpaka zikatoka nje.

Bibi mwenye nyumba akagonga mlango. Alikuwa na jagi la maji ya mtungini na vikombe viwili. Tukamwamkia kwa aibu. Akaitikia, akamimina maji, akasema, "Kunyweni kwanza, wanangu. Saa hizi hata mbuzi hawaelewani. Mtasema jioni."

Jioni, jua lilipozama nyuma ya milima na upepo ukageuka wa baridi, tulikaa nje kwenye stuli na kusema maneno karibu yale yale. Tofauti ni kwamba jioni niliweza kumsikia akimaliza sentensi.

Joto lina hesabu zake

Nilivyo mtu wa kuchimba mambo, niliporudi Dar nilianza kusoma. Bibi yule hakuwa anatupoza tu. Mwaka 1986 watafiti wawili, Kenrick na MacFarlane, walichapisha jaribio walilofanya Phoenix, Arizona, mji wa jangwani kule Marekani. Walimweka dereva kwenye makutano, taa ikiwa ya kijani, asiondoe gari. Kisha wakahesabu honi za waliokuwa nyuma yake. Kadiri joto lilivyopanda ndivyo honi zilivyoongezeka, hasa kwa wale waliofungua vioo kwa kukosa kiyoyozi. Anayeijua Buguruni mchana hahitaji kupanda ndege kwenda Phoenix.

Giza nalo lina kazi yake. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake waliueleza ugonjwa wa huzuni inayokuja kila majira ya baridi, siku zinapokuwa fupi. Mwenyewe alitoka Afrika Kusini kwenye jua tele, akahamia Marekani, na akajiona anazama kila baridi inapoingia. Ndugu zetu walioko Uingereza na Sweden wanaielewa hadithi hiyo. Sisi wa karibu na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo adui yetu wa kawaida si giza. Ni joto, ni vumbi, na ni kungoja mvua isiyokuja.

Hata unachokiona dirishani kinahesabika. Mwaka huo huo wa 1984, Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, nusu ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Nilipoisoma hiyo nilisimama nikatazama dirisha la sebuleni kwetu. Linatazama ukuta wa jirani. Mlango wa mume wangu kule Sale unatazama milima. Kumbe aliposema "huku napumua" alikuwa anasema jambo lenye vipimo.

Lakini utafiti ulionigusa zaidi ni wa Schwarz na Clore, uliochapishwa mwaka 1983. Waliwapigia watu simu, wengine siku ya jua zuri, wengine siku ya mvua, wakawauliza kama wanaridhika na maisha yao kwa ujumla. Wa siku ya jua walijiona wana maisha bora kuliko wa siku ya mvua. Ila kulikuwa na kundi ambalo kabla ya lolote liliulizwa, kama kwa bahati tu, "hali ya hewa huko ikoje?" Kwa kundi hilo tofauti ilipotea. Ukishaikumbuka mvua, huisingizii maisha yako.

Niseme pia upande wa pili, maana magazeti yanapenda kuuza nusu ya habari. Mwaka 2013 Lucas na Lawless walichambua majibu ya Wamarekani zaidi ya milioni moja na wakaona hali ya hewa ya siku haigusi sana jinsi watu wanavyoyapima maisha yao. Kwa hiyo hewa haikuandikii ndoa yako. Inachoweza ni kukuchafulia saa moja. Shida yetu wanandoa ni kwamba maamuzi makubwa mara nyingi tunayafanya ndani ya saa hiyo moja.

Na ukifikiri vizuri, wazee wetu walilijua hili bila Illinois wala Arizona. Mjomba akipiga simu kutoka kijijini, haanzi na shida iliyomfanya apige. Anaanza na "Huko mvua zinanyesha?" Wengi wetu wa mjini tunaona anapoteza salio. Wamaasai majirani wa Sale wao humtaja Mungu, Engai, kwa sura mbili: Engai mweusi, wa mvua na neema, na Engai mwekundu, wa ukame na hasira. Hasira na ukame vimewekwa kwenye rangi moja.

Ukungu nao unadanganya

Siku yangu ya mwisho mume wangu alinisindikiza hadi Karatu. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi 6, na mwili unaijua hesabu hiyo kabla ya kichwa. Natron ni mita 600, Karatu ni kama 1,500. Tulipofika tulinunua sweta mtumbani. Kesho yake asubuhi tukapanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi. Kreta yenyewe hatukuiona. Ukungu ulikuwa mzito kama maziwa, miti inadondosha maji, na watalii wamejikunyata kwenye magari yao. Sisi tulikaa tumeshikana mikono kama wachumba, tunashirikiana chai ya chupa.

Na pale, jamani, nilikuwa tayari kwa lolote. Angenipa karatasi ningesaini. Miaka mitatu? Sawa. Kuhamia Karatu? Kwa nini tusihamie, hewa safi, viazi vya bei rahisi, mtoto akue kwenye kijani. Yeye naye alikuwa tayari kuacha kila kitu arudi Dar na mimi siku hiyo hiyo. Tukatazamana tukacheka. Kila mmoja alikuwa anautoa msimamo aliokuwa anaupigania juzi saa 8 mchana.

Wengi hatulisemi hili. Tunaambiwa tusiamue tukiwa na hasira, lakini nani anatuonya tusiamue tukiwa na baridi tamu na chai ya moto? Ni watu wangapi wamechumbiana Zanzibar wikendi ya siku mbili, wakaja kufahamiana kwenye foleni ya Mbagala?

Mume wangu ndiye aliyepata neno. Kutwa anashinda na watu wa mifereji, akanieleza jinsi kule zamu za maji zinavyojulikana mapema, chini ya wazee wanaoitwa wenamiji. Mwenye zamu anaijua zamu yake kabla kiangazi hakijabana. "Wangengoja maji yapungue ndipo waanze kujadiliana," akasema, "wangeuana." Tukakubaliana hatuamui Oktoba, na hatuamui kwenye ukungu. Tunangoja mvua zinyeshe, zikatike, tuone kimebaki nini.

Kilichobaki baada ya mvua

Nilirudi Sale Aprili iliyofuata, safari hii na Neema. Nchi ilikuwa ya kijani, korongo zimejaa, tulilala njiani usiku mmoja kungoja maji yapungue. Mambo mengi tuliyogombania Oktoba yalikuwa yameondoka yenyewe. Nani alikata simu kwanza, nani hajali, kwa nini alikuwa kimya siku ile: hakuna aliyekumbuka kwa uchungu. Hayo yalikuwa ya vumbi, na yalikwenda na vumbi.

Lakini siku tuliyofika, Neema alimpa baba yake shikamoo ya mgeni, kisha akarudi nyuma ya gauni langu. Alikaa hapo robo saa nzima. Mvua ilikuwa imenyesha, hewa ilikuwa nzuri, kila mtu ameshiba, na mtoto hamjui vizuri baba yake. Hilo halikuwa joto.

Usiku huo tuliongea mpaka saa 7, bila sauti kupanda. Yeye alisema hajawahi kupenda kazi kama hii, na anaogopa kurudi kukaa kwenye ofisi yenye dirisha linalotazama ukuta. Mimi nilisema siachi kazi yangu, na silei peke yangu miaka mitatu mingine. Maneno haya mawili yalikuwa kweli Oktoba, yalikuwa kweli kwenye ukungu, na yalikuwa kweli Aprili. Kwa hiyo ndiyo tuliyoyafanyia kazi.

Alisaini mwaka mmoja badala ya mitatu. Kila wiki ya sita alishuka Dar kwa siku tano, na likizo za Juni na Desemba tulipanda sisi. Haikuwa rahisi, na nauli ilikula akiba yetu yote. Mwaka wake uliisha katikati ya 2024, akarudi. Sasa anafanya kazi yenye mshahara mdogo zaidi, na Neema anamsumbua kila asubuhi amfunge kamba za viatu. Sale anaikumbuka, na hafichi. Hasa Februari.

Kwako wewe na mwenzi wako

Sina digrii ya saikolojia, nina ya mawasiliano tu, lakini haya manne tunayatumia nyumbani na yanatusaidia.

Ulizaneni hali ya hewa kwanza. Kabla ya jambo zito, mmoja aulize, "Leo kwako kulikuwaje?" na maana yake ni joto, foleni, umeme, usingizi, njaa. Likishatajwa, linapungua nguvu.

Wekeni saa ya kunyamaza. Kwetu ni kati ya saa 7 na saa 10 mchana, na nusu saa ya kwanza baada ya yeyote kutoka kwenye foleni. Maji kwanza, maneno baadaye.

Msiamue makubwa kwenye hewa moja. Kama wazo ni zuri, litabaki zuri baada ya mvua. Hii ni pamoja na mawazo matamu ya likizoni.

Pangeni zamu wakati maji yapo. Pesa, wazazi, nani anaamka usiku mtoto akilia: yasemeni Julai, mkiwa mmepoa, ili Februari ikute mmeshaelewana.

Na kama kuna jambo linarudi kila msimu, kwenye jua, kwenye mvua na kwenye ubaridi, basi acheni kulisingizia joto. Hilo ni lenu. Kaeni chini mliongee.